Kabla hujawasha mashine: mkorosho wako unaumwa nini?

Kuanzia Juni simu yangu haipumziki. Napuliza mikorosho kwa kukodiwa huku Newala, na karibu kila anayepiga anaanza hivi: "Fundi, njoo na salfa." Salfa ni dawa ya ukungu, lakini hasemi ameona nini shambani, ameshajipima na kujiandikia dawa. Zamani nilikuwa naenda tu. Mwaka mmoja nilimpulizia jirani mara tatu, salfa juu ya salfa, na maua yakakauka vilevile. Hela yake ikaisha, nami nikawa naona haya kupita mbele ya baraza yake. Kumbe walikuwa mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza chipukizi na maua, na salfa haiwaui mbu. Siku hizi naenda hivi.

Hatua ya 1: Uliza alichoona. "Maua yanakauka" ni malalamiko tu. Yameanza lini? Miti yote au upande mmoja? Msimu uliopita ulipuliza nini?

Hatua ya 2: Ingia shambani asubuhi na mapema, ushike chipukizi kwa mkono. Jua likipanda mbu hujificha, utaapa hawapo.

Pitisha kidole gumba kwenye maua machanga. Kikitoka na weupe kama umeshika unga wa muhogo, huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi na umande wa miezi hii. Hapo salfa iko kazini kwake. Kikitoka kikavu, geuza kikonyo na chipukizi uangalie vidonda. Mbu akishafyonza huacha kidonda kirefu, mwanzo kama kimelowa maji, baadaye cheusi, pengine na utomvu unaoganda. Chipukizi hufa kuanzia nchani. Ukisimama barabarani vyote viwili ni kitu kimoja: maua ya kahawia yaliyosinyaa. Hapo ndipo nilipokosea kwa jirani. Na usishangae kuvikuta vyote kwenye mti mmoja.

Ukikuta mabaka kwenye majani au mti mzima unanyauka, hiyo si kesi yangu. Muite afisa ugani, au wapelekee picha watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara.

Hatua ya 3: Uliza kwa nini hapa. Hii wengi wanairuka. Mama mmoja alikuwa akipata ubwiriunga kila mwaka upande wa bondeni. Salfa inapunguza, mwakani unarudi. Tukapima kwa hatua za miguu. Kipimo kinachoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yake haikufika hata nusu, matawi yameshikana, chini giza, saa nne umande bado upo. Iliyotakiwa pale ni misumeno baada ya mavuno. Siku hiyo nilirudi na mashine yangu bila senti.

Shamba jingine mbu walifumuka baada ya mwenyewe kuwapulizia sumu majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, kwa sababu wanamng'ata akipogolea. Majimoto hao hao ndio waliokuwa wakimlia mbu.

Hatua ya 4: Jaribu kidogo. Puliza miti kumi, miwili ya katikati iache, uifunge kitambaa. Rudi baada ya wiki moja au mbili. Kama huoni tofauti, usiongeze dawa, rudi hatua ya 2. Mwenye shamba atanung'unika kwamba miti yake miwili inaachwa ife. Mimi humpunguzia bei ya miti hiyo, anakubali.