Ukinunua pikapu iliyonyanyuliwa huku Marekani, uliza kwanza nani kainyanyua

Wadau wa huku Marekani, hasa nyie mnaotafuta pikapu kwa mara ya kwanza, naomba mnisikilize kwenye hili maana limeniuma na sitaki limuume mwingine. Zile pikapu zilizonyanyuliwa juu, tairi kubwa, rimu nyeusi, zinapangwa mbele kabisa ya yadi ya dila, yani duka la kuuza magari, mpaka ukipita barabarani lazima ugeuze shingo. Dashibodi inasoma maili chache tu, harufu ya upya bado ipo, na wewe unaamini unanunua gari mpya ya kampuni. Kumbe unanunua vitu viwili kwa pamoja, gari ya kampuni na juu yake kazi ya fundi ambaye humjui hata kwa sura. Kwa hiyo kabla hujauliza bei wala rangi, muulize muuzaji: nani kainyanyua hii gari, na ikileta shida nani analipa? Akikujibu kwa mdomo tu, hesabu hajakujibu.

Yangu ilikuwa na lift kiti, yani seti ya vifaa vya kuinyanyulia gari, ya inchi 6 na tairi za inchi 35. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu sana, kanifungulia mlango, kaniuliza habari za familia, nikamuuliza waranti ikoje akanambia "usiwe na wasiwasi, kila kitu kimo." Nikaridhika. Wiki ya tatu, nikifika spidi ya maili 55 usukani unaanza kutetemeka, mwanzo kidogo, baadae mpaka mikono inakufa ganzi, halafu nikaona grisi imerukia ndani ya rimu ya mbele. Narudi dila, upande wa sevisi wananambia buti la ekseli, ule mpira unaofunika jointi na kushikilia grisi, limechanika kwa sababu ekseli imekaa kwa mkunjo mkali, na hiyo imetokana na kunyanyuliwa, waranti ya kampuni haihusiki. Namuulizia yule kijana, naambiwa hafanyi kazi pale tena. Meneja ananiuliza, hiyo ahadi imeandikwa wapi?

Haikuandikwa popote.

Sisemi wauzaji wote ni waongo. Wengi wanajitafutia riziki, wanalipwa kamisheni, na gari iliyoshawekewa vitu vya ziada mara nyingi ina faida nene kuliko ile ya kawaida, ndo maana anakusukumia hiyo. Na pia mara nyingi yeye mwenyewe hajui huko chini kumefungwa nini, kazi yake ni kuuza, mafundi wako jengo lingine au kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo usibishane nae wala usimchukie, ila usichukue neno lake kama mkataba. Sisi tumekulia kwenye kuuziana kwa kuaminiana, mtu akikupa neno lake mbele za watu limeshika, huku kilichosainiwa ndo kimeshika, na mikataba mingi ina kabisa mstari unaosema ahadi zote za mdomo hazihesabiki.

Sasa tuje kwenye vitu vya kuangalia. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Kuna lebo ya kiwanda inayosema gari imetimiza viwango vya usalama. Kama gari haijawahi kuuzwa kwa mtu na imefanyiwa mabadiliko makubwa kabla ya kuuzwa, sheria ya shirikisho inamtaka aliyeibadilisha aongeze lebo yake, yenye jina lake na mwezi na mwaka aliomaliza kazi. Kubadili tairi na rimu peke yake kwa kawaida hakuhitaji lebo hiyo, lakini kuinyanyua gari inchi 6 ni habari nyingine. Ukiikuta, piga picha, hilo jina utalihitaji siku moja. Usipoikuta, uliza kwa nini, na kama majibu ni ya kuzungukazunguka mi ningeondoka.

Halafu angalia stika za dirishani. Ya kiwanda inaonyesha bei ya gari kama ilivyotoka, na pembeni yake mara nyingi kuna stika ya pili ya dila yenye vitu walivyoongeza. Omba orodha ya hivyo vitu kimoja kimoja: lift kiti ya kampuni gani, tairi gani, nani kafunga, na waranti ya kila kimoja ni ya muda gani. Baadhi ya kampuni zinazotengeneza hizi pikapu zilizobadilishwa zinatoa waranti yao wenyewe kwa vitu walivyofunga, nyingine hakuna kitu. Usikubali jibu la "ni kama ya kampuni," omba kijitabu chake ukisome.

Hapa kuna jambo wengi hatulijui na linatusaidia. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 inaitwa Magnuson-Moss, na kwa sheria hiyo kampuni ya gari haiwezi kukuambia waranti yote imekufa eti kwa sababu tu umefunga kifaa ambacho si chao. Wanatakiwa waonyeshe kwamba hicho kifaa ndo kimesababisha ule uharibifu. Yani redio ikifa huwezi kuambiwa ni sababu ya lift kiti. Ila ekseli, boljointi, beringi za magurudumu, tairodi, hivi vinabeba mzigo wa kunyanyuliwa moja kwa moja, na hapo wana hoja, kwangu walikuwa nayo. Ukikataliwa omba wakuandikie sababu kwenye karatasi ya kazi, waandike kifaa gani kimeharibu nini. Kuna mahali wakishaombwa kuandika, wanaanza kuongea vizuri.

Kwenye kuijaribu, usikubali kuzungushwa tu mtaa wa nyuma. Ipeleke haiwei, fika maili 65, legeza mikono kidogo uone usukani unavuta upande gani, funga breki kwa nguvu sehemu salama, kata kona ukisikiliza milio ya chini. Zile zenye ekseli ngumu mbele, yani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, zina ugonjwa wake, ukigonga shimo kwenye spidi gurudumu zinaanza kucheza kushoto kulia kwa fujo na huwezi kuzishika mpaka upunguze mwendo, ukiona hata dalili yake acha hiyo gari. Halafu mlipe fundi wako wa nje ambaye hana undugu na dila aipandishe juu aangalie. Mwambie aangalie paipu za breki kama hazijavutika, mkunjo wa ekseli na propela, kama wametumia spesa tu, vile vipande vya kubandika vya kuinulia, au lift kiti kamili, na kama alaimenti imefanywa baada ya kunyanyua. Dila ikikataa gari isikaguliwe nje, jua kuna kitu.

Spidomita nayo. Tairi ikiwa kubwa kuliko ya kiwandani na kompyuta haijarekebishwa, spidomita inadanganya. Ukitoka tairi ya inchi 32 kwenda 35, ikikuonyesha 65 wewe kiukweli uko kama 71, tiketi itakukuta na utabaki unashangaa. Na odometa inahesabu pungufu vilevile, maili 10,000 za kwenye dashibodi ni kama 10,900 za barabarani, oili unabadili umechelewa. Uliza pia kama kamera na rada za breki za kujifunga zenyewe zimepangwa upya baada ya gari kupanda, na kama taa zimeshushwa, maana zisiposhushwa unawapofua wenzako usiku.

Kama ni ya dizeli na imetumika, kuwa makini zaidi. Kuna watu wanang'oa mifumo ya kusafisha moshi ili gari iwe na nguvu na ngurumo. Hiyo ni kinyume cha sheria ya shirikisho ya hewa safi, sehemu zenye ukaguzi wa moshi haitapita, na gereji nyingi hazitaigusa mpaka uirudishe ilivyokuwa, gharama ya kuirudisha inaumiza.

Kwenye gari iliyotumika lazima pia kuwe na karatasi dirishani inaitwa Buyers Guide. Kama imewekewa alama kwenye "As Is", maana yake ukitoka getini shida zote ni zako, ingawa kuna majimbo hayaruhusu kuuza hivyo. Kama muuzaji kakuahidi waranti na karatasi inasema As Is, mwambie aibadilishe hapohapo, kwa sababu kilichoandikwa pale kinakuwa sehemu ya mkataba. Na ahadi ndogondogo, sijui tutarekebisha spidomita, tutakuletea funguo ya pili, zote ziingie kwenye karatasi inayoitwa We Owe, isainiwe na meneja. Hii karatasi ni bure na ndo ingeniokoa mimi.

Chumba cha mkopo ndo kigumu kuliko yadi. Utaulizwa unataka kulipa ngapi kwa mwezi, usijibu hilo swali, zungumzia bei yote. Miezi 84 ni miaka 7 jamani, tairi zile utakuwa umeshabadili zaidi ya mara moja. Watakuuzia na waranti ya nyongeza, nyingi zina mstari unaosema gari iliyobadilishwa haihusiki, sasa unalipia nini? Tafuta huo mstari kabla ya kusaini. Kama Kiingereza cha mikataba kinakusumbua nenda na mtu, au omba upige picha ukasome nyumbani, hakuna aibu yoyote. Na hii ya kusema nina siku 3 za kurudisha gari, wengi wanaiamini, haipo kwa gari uliyonunua dila kwa sheria ya shirikisho. Ukishasaini ni yako, labda jimbo lako au dila yenyewe iwe imekupa hiyo nafasi kwa maandishi.

Bima pia, waambie gari imebadilishwa. Bima nyingi za kawaida zinalipa kidogo tu au hazilipi kabisa vitu vya kuongezwa, kuna nyongeza yake ya kununua.

Kama umeshanunua na imeshaanza kusumbua, usiache kulipa mkopo kwa hasira, watakuja kuivuta usiku na krediti yako itaharibika miaka. Kila ukiipeleka sevisi hakikisha wanakupa karatasi yenye tarehe, maili, na malalamiko yako kama ulivyoyasema, hata kama wanasema hawakuona tatizo. Majimbo yote 50 yana sheria za kumlinda aliyenunua gari mpya yenye kasoro isiyotibika, lakini kwa kawaida zinahusu kasoro za kiwandani, hapo ndo swali la nani kainyanyua linarudi. Andika barua kwa meneja mkuu, tuma kwa posta ile ya kusainiwa, ikishindikana peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na kama ni hatari ya usalama yaripoti pia NHTSA, shirika la serikali ya shirikisho la usalama barabarani. Mkataba wa mkopo wa dila mara nyingi una tangazo kwamba madai uliyonayo kwa muuzaji unaweza kuyaelekeza hata kwa anayeshika mkopo, muonyeshe mwanasheria hilo.

Mimi kilichonisaidia ni tangazo lao la mtandaoni nililokuwa nimelipiga picha kwenye simu kabla sijanunua, liliandika jina la gereji iliyofunga lift kiti. Nikawafuata wale, wakabisha wiki mbili, mwisho wakalipa ekseli na kazi ya kuifunga. Alaimenti na tairi mbili za mbele zilizolika nimelipa mwenyewe. Mtetemo umeisha, ila kila mwezi bado nalala chini ya gari na tochi naangalia yale mabuti.