Unajifunza kuandika kodi za kompyuta na AI? Mpe sharti kwanza

Wadau mnaojifunza Python (lugha ya kuandika programu) kwa ChatGPT, Gemini au Claude, kabla ya swali lolote mwandikieni hivi: "Ndo naanza, usiniandikie kodi, nipe dokezo moja tu halafu niulize swali." Ukimwacha hivi hivi atakumwagia programu nzima, utakopi, itarun, na kichwani hakijabaki kitu.

Alafu ukipata erro usikimbilie kuipesti, soma kwanza mstari wa mwisho kabisa, Python inaandika aina ya kosa hapo, mfano IndexError maana yake umeomba kitu ambacho hakipo kwenye listi, mara nyingi ni kwa vile listi inaanza kuhesabu 0, kwa hiyo yenye vitu 5 inaishia namba 4. Andika wewe unadhani tatizo ni nini, ndo umtumie erro pamoja na hayo mawazo yako. Hapo ndo utajifunza kweli jamani.

Na kipande chochote cha kodi akikupa, tabiri kitatoa nini kabla hujakirun. Mfano range(1, 10), inayotoa namba kuanzia 1, wengi wanadhani inafika 10 kumbe inaishia 9. Kama huna laptop, app ya Pydroid 3 inarun Python kwenye simu ya Android hata bila bando.