Ukuta wa pamoja Mji Mkongwe: mambo ya kukamilisha kabla fundi hajagusa jiwe

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimeegemeana, na mara nyingi kinachotenganisha chumba chako na cha jirani ni ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa na udongo. Ukuta huo huweza kubeba boriti za pande zote mbili, zako zikiwa zimeingizwa huku na za jirani kule, pengine kwa kimo kile kile. Kwa hiyo anayekusudia kubomoa, kuongeza ghorofa au hata kuhamisha choo, amwendee jirani kabla ya kumwita fundi.

Kwanza ujue mwenye nyumba ya pili ni nani hasa. Anayeishi humo huenda ni mpangaji, na nyumba ikawa ya Serikali, ya wakfu chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, au ya warithi waliotawanyika hadi Maskati na London. Mpangaji ashirikishwe, maana ndiye atakayevumilia vumbi na kelele, lakini ridhaa ya kuugusa ukuta itafutwe kwa mwenye mali au wakili wake, na iandikwe.

Kisha ombeni kuingia kila mmoja kwa mwenzake mchana, mkague ukuta kwa pande zote mbili. Pigeni picha zenye tarehe za kila ufa, kila doa la unyevu na kila kichwa cha boriti kilichooza, mziambatanishe na maelezo mafupi mtakayotia saini mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa wenu. Hatua hii hurukwa na wengi kwa kuona haya, wakidhani kuandikishana ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naiona kuwa ndiyo heshima yenyewe, kwa kuwa inamlinda jirani asibebe hasara isiyo yake, na inakulinda wewe usidaiwe ufa wa zamani.

Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ujenzi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mchoro unaopeleka uonyeshe ukuta wa pamoja na boriti za jirani, wala usikichukulie kibali hicho kuwa mbadala wa makubaliano yenu.

Katika kazi yenyewe, hatari kubwa ni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa polepole. Ukipigwa plasta ya saruji upande wako, unyevu huo hukosa njia, hutokea kwa jirani, na kuozesha vichwa vya boriti zake bila wewe kujua. Mwandikie fundi katika mkataba kwamba atatumia chokaa, na umpe muda, kwa sababu chokaa hukauka taratibu. Mabomba ya maji yasichimbiwe ndani ya ukuta wa pamoja, wala kidaka kipya, yaani shubaka la kuwekea vitu, kisichongwe humo kabla hujajua upande wa pili kuna nini. Boriti nazo hufanya kazi ya kuushika ukuta usiyumbe, kwa hiyo zisitolewe zote kwa mpigo: zibadilishwe chache chache, huku dari ikiwa imeegemezwa kwa mirunda. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Ukubwa wa jengo haukulinusuru.

Jambo la faragha lisiachwe likaja kuzuka mwishoni. Dirisha jipya au roshani inayotazama ua wa jirani humnyima mkewe na binti zake uhuru wa kukaa kwao, na kuliziba baadaye ni gharama na uhasama. Mwonyeshe mchoro akiwa bado anaweza kusema hapana.

Kubalianeni pia saa za kugonga, hasa Ramadhani, na mahali pa kuweka kifusi, kwa kuwa vichochoro vingi havipitishi gari. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa sheha mapema, kazi ikiwa imesimama.

Ukaguzi wa mwisho mfanye pamoja baada ya masika kupita, mkiwa na picha zile za mwanzo mkononi, na sehemu ya malipo ya fundi ibakizwe hadi siku hiyo.