Ukitaka kuwa mwalimu mkuu, anzia ofisi ya taaluma

Nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Kilosa, na walimu vijana bado huniuliza: "Mama, nifanyeje niteuliwe?"

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kupanda daraja la mshahara ni suala la Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwalimu wa cheti huanzia TGTS B (TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu serikalini), wa stashahada C, wa shahada D, na utapanda hata usipoongoza chochote, ilimradi faili lako lina barua zote na tathmini yako ya PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, umeijaza. Ualimu mkuu ni uteuzi. Leo unapewa, kesho unaweza kutenguliwa ukarudi kushika chaki, na daraja lako likabaki palepale. Kwa hiyo usiutafute kwa sababu ya posho ya madaraka.

Zamu yako ya kusimamia shule ifanye vizuri, kitabu cha zamu kijazwe siku hiyohiyo. Halafu omba uwe mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa ufundishaji na mitihani shuleni. Wengi wanaikwepa kwa sababu ya kazi zake: ratiba, mitihani ya ndani, usajili wa watahiniwa wa darasa la saba, kukagua maazimio ya kazi (mipango ya mada za kufundisha) na maandalio ya masomo. Mimi naamini hakuna nafasi inayomwandaa mtu kuliko hiyo, kwa sababu utalazimika kumsahihisha mwalimu aliyekuzidi umri. Usimwite ofisini. Mfuate alipo, mwamkie shikamoo, kaa naye, muulize mada imekwama wapi. Ukiweza kutoka hapo azimio limerekebishwa na heshima yake ipo, unaweza kuongoza shule.

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo nimeona wenzangu wengi wazuri wakianguka. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya serikali huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule. Maana yake mihtasari ya vikao ni kazi yako. Matumizi yasiyo na muhtasari wa kamati hayana utetezi mbele ya mkaguzi, hata kama ulinunua chaki kweli. Ukiwa bado mwalimu mkuu msaidizi, omba ukae pembeni hesabu zikiingizwa kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, na manunuzi yakipitishwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Jifunze kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kutunza leja ya vifaa, yaani daftari la mali za shule.

Masomo nayo yana nafasi yake. ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo, hutoa stashahada ya uongozi wa elimu. Pata kibali cha mwajiri kabla hujaondoka, vinginevyo utahesabika mtoro kazini.

Afisa Elimu Kata na wathibiti ubora wa shule wakija, wapokee kwa nyaraka zilizo tayari. Majina yanayofika kwa Afisa Elimu wa halmashauri hutokana na watu hao wanaokuona kazini, wala huna haja ya kumnong'oneza mtu yeyote.

Barua ya uteuzi ikitoka, usikimbilie kusaini hati ya makabidhiano. Mwite mwenyekiti wa kamati awe shahidi, kisha hesabuni madawati na vitabu mkilinganisha na leja, muone salio la benki kwenye taarifa ya benki yenyewe, na mwandike kila deni la mzabuni kwa jina na kiasi. Kinachopungua kiandikwe kwenye hati hiyohiyo, mtangulizi wako asaini, ndipo nawe usaini.