SOMO: UPS, kompyuta na printa dukani, someni hapa kabla hamjaniuliza

Kila wiki naulizwa kitu kile kile, "mkuu nimenunua UPS mbona inazima", sasa nimechoka, naandika yote hapa. UPS ni lile boksi lenye betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Nina steshenari Mbagala, umeme ukikatika na mteja kasimama kaunta najua uchungu wake.

1. Angalia wati, sio VA (ile namba kubwa ya kwenye boksi). UPS ya 650VA nyingi zinabeba kama wati 360 tu. Kompyuta ya mezani na skrini yake inakula 100 mpaka 150, inatosha.

2. Fungua kifuniko cha betri, nyingine zinatoka kiwandani waya mmoja haujachomekwa.

3. Chaji masaa 8 kwanza kabla hujaitumia.

4. PRINTA YA LEZA USIICHOMEKE KWENYE UPS. Hapa ndo niliumia. Dada mmoja alikuwa anachapiwa ripoti ya chuo, kurasa 40 na kitu, umeme ukakatika, nikasema UPS ipo, nikabonyeza print. Taa ya printa ikawaka, UPS ikatoa mlio mmoja mrefu, kimya, na kompyuta nayo ikazima humo humo. Kurasa sita za mwisho nilikuwa sijasevu. Nilimwona anavyoangalia saa, basi lake la saa nane lilikuwa linamsubiri. Sababu ni hii: ndani ya leza kuna roli inayopashwa moto ili wino wa unga uyeyuke ushike karatasi, ikianza kupasha inavuta wati 800, nyingine zinapita 1000. UPS ndogo haiwezi. Na ukiona imebeba mara moja usijipe moyo, siku yake haijafika tu. Leza ichomeke ukutani, kupitia kilinda umeme.

5. Kompyuta ikiwa inawaka chomoa UPS ukutani, hesabu dakika. Utapata 10, labda 20. Ni za kusevu na kuzima vizuri, sio za kuendelea na kazi.

MASWALI

Mdau: UPS yangu inapiga kelele sana nifanyeje

Umechomeka nini? Ina muda gani? Andika basi.

Mdau: ni kompyuta na printa ya leza

Rudi namba 4.

Mdau wa Tabora: Kaka habari, mi nina printa ya wino wa tenki, nayo ni shida? Na nikitaka kupiga kazi masaa matatu umeme haupo?

Salama dada, umeuliza vizuri. Hiyo haina roli ya moto, ikichapa inakula kama wati 10 mpaka 20, chomeka bila wasiwasi. Kwa masaa matatu chukua inveta (inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri ya sola ya 12V 100Ah. Kwenye karatasi ni 1200Wh (12 mara 100, yaani wati mara masaa) ila betri hizi za madini ya risasi usizivute zaidi ya nusu zitakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600, nyingine inapotea kwenye inveta, kompyuta ya wati 120 utaenda kama masaa manne. Ukihamia laptop karibu mara mbili ya hapo.

Mdau: Betri ya gari si ni ile ile tu?

Hapana. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi sekunde chache injini iwake, ukiivuta taratibu kila siku haichukui muda inakufa. Na yoyote utakayoweka usiifungie kabatini, ikichaji inatoa gesi inayoshika moto.

Mdau wa Tabora: Nimekuelewa kaka. Na zile kurasa sita?

Tulizichapa upya usiku nikamtumia kwa email, sikumtoza. Kwenye Word kuna sehemu ya kujisevu yenyewe, inakuja imewekwa kila dakika 10, we weka 2.