Kutia Njumu ya Mpingo kwenye Mninga kwa Mashine ya CNC

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anaijua mashine yake ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Anaweza kuweka sifuri (mahali mashine inapoanzia kupimia) na kuendesha faili, lakini kila akipachika mti wa rangi moja ndani ya mwingine, anabaki na mstari wa gundi unaozunguka nakshi yote. Mashine iwe ndogo ya kukaa mezani au ile ya 1325 inayomeza ubao wa mita 1.3 kwa 2.5, kanuni ni ileile. Njumu, yaani kile kipande kinachopachikwa, inakaa vizuri au vibaya kutokana na namba mbili za kina unazoziandika kwenye kompyuta kabla biti (kisu kinachozunguka) haijagusa mti. Nitazikalia sana hizo, kwa sababu ukizielewa utaweza kusahihisha kosa lolote la mkao bila kubahatisha.

Kazi yenyewe ni kongwe pwani kwetu. Viti vya enzi, ambavyo Makumbusho ya Lamu wamehifadhi mfano wake, viliundwa kwa mti mweusi na kutiwa vipande vyeupe vya pembe au mfupa, vyote kwa mkono. Sisi tutafanya kinyume, nakshi nyeusi kwenye ubao wa rangi ya kahawia: nyota ya pembe nane yenye upana wa mm 120 katikati ya kifuniko cha sanduku.

Biti ipi, na kwa nini

Biti bapa ya mm 3 haiwezi kuchimba kona kali. Kila kona ya ndani inabaki na mviringo wa nusu kipenyo cha 1.5, na nyota yenye ncha butu haipendezi. Biti ya V, yenye ncha iliyochongoka, inapofika kwenye kona huinuka polepole hadi ncha yake inatokea juu ya ubao, na kona inabaki kali kama ilivyochorwa. Kuta za shimo zinakuwa za mteremko, na kuta za njumu zina mteremko huohuo. Ukibana, njumu inajikaza yenyewe kama kabari. Mimi natumia V ya digrii 60 kwa karibu kila kitu. Ya 90 hukata shimo la kina kifupi mno kwenye mistari myembamba, kwa hiyo msasa kidogo tu unaifuta. Ya 30 ni nzuri kwa maandishi madogo lakini ncha yake hukatika upesi kwenye mti mgumu.

Hatua ya 1: Mbao

Mninga ni chaguo langu la ubao wa chini kwa sababu unatulia. Ukishakauka haujikunji ovyo hata msimu wa mvua. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na nyuzi zake zimeshikana, kwa hiyo ncha nyembamba za njumu hazimeguki. Mti laini usiutumie kwa njumu yenye ncha kali. Utumie chini, si juu. Pima unyevu wa mbao zote mbili kwa kipimo. Ukizipata zote karibu na asilimia 12, na zikiwa zimekaa karakana moja kwa wiki kadhaa, endelea. Zikitofautiana sana, subiri.

Mpingo haupatikani kwa mbao pana, na si lazima. Tafuta mabaki kwa wachonga vinyago, wauzaji wenye stakabadhi halali za mazao ya misitu. Pasua kipande cha unene wa mm 8, kisha ukigandishe juu ya ubao wowote wa bei nafuu uliorandwa sawasawa, hata MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Ule ubao wa nyuma utaondolewa mwishoni, hakuna haja ya kupoteza mpingo. Kama sanduku litauzwa nje ya nchi, kumbuka kuwa mpingo, ambao ni wa jenasi ya Dalbergia, uko tangu Januari 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Uliza habari ya kibali kabla ya kuahidi tarehe ya kusafirisha.

Sasa usawa. Kwa biti ya V, upana wa mstari unatokana na kina. Ubao ukiwa na bonde la mm 0.2 tu, mstari unaopita hapo unapungua upana kwa mm 0.23, na hilo jicho linaliona. Usiamini randa wala mashine ya unene. Funga ubao kwenye meza ya CNC, weka biti pana ya kusawazishia, upitishe uso mzima, kisha usiufungue tena hadi shimo liishe. Fanya hivyohivyo kwa kipande cha mpingo.

Kabla ya kuchimba, paka uso wa mninga mikono miwili ya shelaki na uiache ikauke. Mninga una vinyweleo vilivyo wazi, na vumbi jeusi la mpingo likiingia humo halitoki tena.

Hatua ya 2: Pima biti, usiamini maandishi ya kwenye boksi

Biti inayouzwa kama ya digrii 60 inaweza kuwa na ncha iliyolika au pembe isiyo kamili. Kwenye kipande cha mabaki kilichosawazishwa, chimba mifereji miwili iliyonyooka, mmoja wa kina cha mm 1 na mwingine wa mm 3. Pima upana wa kila mmoja kwa kalipa. Biti kamili itakupa 1.15 na 3.46.

Angalia kwanza tofauti kati ya vipimo hivyo viwili. Ikiwa ni 2.31, pembe ni sahihi. Ikiwa si hivyo, gawanya tofauti kwa 4, tafuta tan kinyume kwenye kikokotoo cha simu, zidisha jibu kwa 2; hiyo ndiyo pembe halisi ya biti yako na ndiyo ya kuandika kwenye programu. Kama tofauti iko sawa lakini mifereji yote miwili imezidi upana kwa kiasi kilekile, ama ncha ya biti ni bapa kidogo au sifuri ya Z (mwendo wa juu na chini) imewekwa chini kuliko uso. Rudia kuweka sifuri. Ikibaki vilevile, kiasi kile kilichozidi ndicho upana wa ncha. Programu nyingi zina mahali pa kuuandika.

Hatua ya 3: Mchoro

Nyota ya pembe nane ni miraba miwili iliyopandana, mmoja ukizungushwa digrii 45. Programu ya kuchorea ya Inkscape inatosha na ni ya bure. Unganisha miraba hiyo iwe umbo moja lililofungwa, bila mistari inayokatizana ndani. Ukiongeza majani au maua pembeni, usichore mstari mwembamba kuliko mm 1.5. Mstari wa mm 1 kwa biti hii unachimbwa kina cha mm 0.87 tu, na msasa utaukuta.

Hifadhi nakala mbili. Ya kwanza ni ya shimo, kama ilivyo. Ya pili ni ya njumu, na hiyo lazima igeuzwe kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu njumu inapachikwa kifudifudi. Kwa nyota hutaona tofauti. Kwa jina la mtu au maandishi ya Kiarabu utaiona ukiwa umeshachelewa, kwa hiyo uwe na mazoea ya kugeuza kila mara. Izungushie nakala hiyo mraba uliozidi nyota kwa mm 10 kila upande. Mashine itaondoa mti ulio kati ya mraba na nyota, na nyota itabaki imesimama.

Hatua ya 4: Namba mbili

Shimo ni rahisi: anza kina 0, sakafu kina 5.

Njumu ina kina cha kuanzia na kina cha sakafu kinachohesabiwa kutoka hapo. Weka kuanzia 4, sakafu 2. Jumla biti itashuka mm 6. Kwa kuanzia 4 unaiambia mashine kwamba umbo halisi la nyota, lile lenye vipimo sawa na mdomo wa shimo, liko mm 4 chini ya uso wa mpingo. Juu ya hapo nyota inazidi kuwa nyembamba kwa mteremko. Ukiigeuza na kuipachika, inazama mm 4 na kuta zinakutana kila upande kwa wakati mmoja. Shimo lina kina cha 5, kwa hiyo chini inabaki nafasi ya mm 1 ya gundi. Zile mm 2 za sakafu zinakuwa uwazi kati ya ubao wa njumu na uso wa mninga.

Mafundi wengi huweka kuanzia 5 kwa shimo la 5, wakidhani ndiyo kujaza kikamilifu. Gundi inakosa pa kwenda, njumu inaelea juu yake, kuta hazikutani, na ndipo ule mstari unapotokea. Programu za VCarve na F-Engrave zote zinaweza kuandaa njumu ya namna hii. Majina ya visanduku yanatofautiana, lakini shika maana ya namba na hutapotea.

Hatua ya 5: Kukata

Tanguliza biti bapa ya mm 3 kusafisha sehemu pana za sakafu, kisha biti ya V. Sifuri ya Z ya biti zote mbili igusiwe sehemu ileile ya uso. Kwenye mninga naenda mizunguko 18,000 na mwendo wa mm 1,500 kwa dakika. Kwenye mpingo nashusha mwendo hadi 800, na kila pasi (mpito mmoja wa biti) isizidi kina cha mm 1. Ukiona moshi au ukasikia mlio mwembamba, biti imekuwa butu au mwendo ni wa polepole kupita kiasi. Kuzidi kupunguza mwendo kutaongeza tu joto.

Panga mkondo wa nyuzi za mpingo ufuate wa mninga.

Vaa barakoa ya vumbi. Vumbi la mninga linasumbua mapafu, la mpingo linawasha ngozi, na biti ya V hutoa unga laini sana unaokaa hewani muda mrefu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usisogeze X na Y (mwendo wa kulia-kushoto na mbele-nyuma) kwa mkono. Ukirudi, ipeleke mashine kwenye swichi zake za nyumbani (zinazoitambulisha mahali pake pa kuanzia), rudi kwenye sifuri uliyoiandika kabla ya kuanza, halafu endelea kutoka mistari kadhaa nyuma ya ulipoishia. Kama mashine yako haina swichi za nyumbani, ziweke kwenye mashine kabla ya kuanza kazi za njumu. Kwa samani za kawaida unaweza kuvumilia kosa la nusu milimita, kwa njumu huwezi.

Hatua ya 6: Jaribu bila gundi

Safisha shimo kwa brashi kavu, pachika njumu, bana kidogo kwa klampu, kisha pima uwazi kati ya mbao mbili kwa pande zote nne. Unatafuta mm 2.

Uwazi ukiwa mm 1, njumu imegonga sakafu ya shimo. Kuta hazijakaza hata kama zinaonekana zimegusana. Ama shimo ni pana mno au njumu ni nyembamba mno. Kata njumu nyingine ukianzia 3.5 badala ya 4, na sakafu 2.5. Uwazi ukiwa 3, njumu ni nene kidogo na imezama mm 3 pekee. Kuta zimekaza, unaweza kuendelea, ila nakshi yako itakuwa na unene mdogo wa kusugua. Upande mmoja ukiwa 2 na mwingine 1.4, tatizo ni usawa wa mbao au uchafu kwenye kona, na hakuna namba ya kompyuta itakayolitibu. Rudi kwenye kusawazisha.

Hatua ya 7: Gundi

Mpingo una mafuta yake. Upanguse kwa asitoni dakika chache kabla ya kugandisha. Gundi nyeupe ya mbao inafaa, lakini kwa mpingo napenda epoksi iliyochanganywa na unga kidogo wa mpingo wenyewe, kwa kuwa hata pakiwa na upenyo wa unywele utajaa weusi. Paka shimo na kuta za njumu, usijaze. Weka ubao mnene juu ili klampu zigawe nguvu sawa, kaza kwa zamu ukipima uwazi hadi urudi kwenye kile ulichokipata wakati wa kujaribu. Iache saa 24.

Hatua ya 8: Kuondoa ubao wa juu

Mwenye msumeno wa mkanda apitishe msumeno kwenye ule uwazi. Asiye nao arudishe kazi kwenye CNC na kuila kwa biti pana, mm 1 kwa pasi, hadi ibaki mm 0.3 juu ya mninga. Kuanzia hapo tumia kikwangulio cha chuma kilichonolewa, si msasa, ukifuata nyuzi. Kikwangulio kinatoa maganda badala ya unga, kwa hiyo weusi hausambai. Msasa wa 220 uje mwishoni kabisa na upite mara chache. Ukisugua nusu milimita kupita uso wa mninga, kila mstari wa nakshi unapoteza karibu mm 0.58 ya upana wake, na petali nyembamba ndizo zinazotoweka kwanza.

Puliza vumbi, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, paka mafuta ya kitani mikono miwili au mitatu na uache kila mkono ukauke. Kama unataka rangi ya pili, tuseme duara la mfenesi wa manjano katikati ya nyota, usipake mafuta bado. Funga ubao tena mezani, pitisha biti ya kusawazishia pasi moja nyembamba sana juu ya uso wote, paka shelaki, weka sifuri mpya ya Z hapo, na uchimbe shimo la pili ndani ya mpingo kwa kina cha mm 3, njumu yake ikianzia 2.2 na sakafu 2.