Sketi ya solo na gauni la mtoto kwa safari ya likizo: vipimo, ukataji na panapoharibika

Likizo za Juni na Desemba zikikaribia, nguo za watoto ndizo zinazojaa mezani kwa mafundi wa Mtwara na Lindi. Familia moja inakwenda Msimbati kuoga bahari, nyingine inavuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani kuona magofu, nyingine inapanda Newala kwa bibi. Nguo ambayo mtoto wa kike huiomba ni ile ambayo akizunguka inafunguka kama mwavuli. Mafundi huiita solo. Kuikata si kazi ngumu, maana ni duara lenye tundu katikati. Inaharibika mahali pawili tu, kwenye tundu la kiuno na kwenye upindo, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Kitambaa kwanza

Chagua kitenge cha pamba au poplini. Satini na shifoni zinameremeta dukani, lakini kwenye joto la Desemba mtoto atatoka jasho na kitambaa kitamganda mwilini. Tena zinateleza chini ya sindano, na anayeanza kushona hana haja ya taabu hiyo.

Fua kitambaa kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu. Ukishona nacho hivyo hivyo, sindano inashika utando na mishono inaanza kuruka. Jambo la pili ni kwamba pamba husinyaa kwenye maji ya kwanza, na duara lililokwisha kushonwa likisinyaa, kiuno kinavuta upande mmoja. Loweka kwenye maji ya baridi peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, kisha piga pasi kikiwa na unyevu kidogo.

Upana wa kitenge huwa karibu inchi 45, ila pima chako baada ya kukifua. Ukingo wenye maandishi ya kiwanda usiuhesabu, kwa sababu umefumwa kwa kukaza na hukunja nguo.

Angalia na maua yake. Kwenye solo kamili kitambaa kinazunguka mwili mzima, kwa hiyo kama picha ni ndege au mitungi iliyosimama, upande mmoja itasimama na upande wa pili itakaa kichwa chini. Maua madogo yaliyotawanyika hayana tatizo hilo. Na kama safari ni ya Oktoba hadi Desemba, watoto wakafikia kwenye mikorosho, achana na rangi nyeupe na krimu. Doa la maji ya mabibo halitoki kwa sabuni wala kwa jua.

Vipimo

Usikate kwa umri. Watoto wawili wa miaka 6 wanaweza kupishana inchi 3 kiunoni. Mpime mwenyewe, akiwa amesimama, bila kuvuta futi: kiuno, hipsi, na urefu kutoka kiunoni hadi magotini. Hapa tutamtumia mtoto mwenye kiuno inchi 22, hipsi 24 na urefu wa sketi inchi 14.

Sketi ya lastiki haina zipu, kwa hiyo tundu lazima lipite kwenye hipsi. Wengi hukosea hapa: wanakata kwa kipimo cha kiuno, sketi inagoma mapajani. Chukua hipsi 24, ongeza 2, unapata 26. Gawa kwa 6.28, utapata inchi 4 na kidogo. Hiyo 4 ndiyo nusu kipenyo ya mstari wa kushona. Toa nusu inchi ya mshono, basi utakata kwenye inchi 3 na nusu.

Ukilipima tundu baada ya kukata utakuta inchi 22 tu. Usishtuke wala usiongeze. Mstari wa kushona uko nusu inchi nje yake, na pale ni inchi 25, ambazo zitavutika hadi 26 ukishakata vipasuo vidogo. Robo inchi moja tu ya kuongeza kwenye nusu kipenyo inaongeza zaidi ya inchi moja na nusu kwenye mzunguko. Tundu dogo unaweza kulikuza. Kubwa huwezi kulirudisha.

Ukingo wa chini: mstari wa kushona 4, jumlisha urefu 13 (inchi moja ya juu itakuwa mkanda), jumlisha nusu inchi ya upindo. Jumla 17 na nusu. Duara zima ni inchi 35, na yadi moja ni 36. Nunua yadi moja na robo, kwa ajili ya kusinyaa na kwa ajili ya mkanda.

Kukata

Kunja kitambaa mara mbili kwa urefu, kisha mara mbili tena kwa upana, upate tabaka nne na kona moja isiyo na ncha zilizo wazi. Kona hiyo ndiyo katikati ya duara. Lainisha kwa mkono kutoka konani kwenda nje, choma pini kila baada ya inchi chache. Tabaka la chini likiteleza, utapata yai badala ya duara.

Shika mwanzo wa futi kwenye kona, zungusha, weka alama za chaki kwenye inchi 3 na nusu kila baada ya inchi moja. Rudia kwenye 17 na nusu. Unganisha alama kwa mkono mwepesi. Kata ukingo wa nje kwanza, tundu mwisho, kwa mkasi wa nguo na si ule wa kukatia karatasi.

Kabla ya kunyanyua kitambaa kukijaribisha kwa mtoto, kipeleke kwenye cherehani na pita mshono mmoja kuzunguka tundu lote, ndani kidogo ya nusu inchi. Sehemu za tundu zilizokatwa mshazari hulegea kwa uzito wa sketi yenyewe. Sketi iliyoning'inizwa bila mshono huu hata kwa saa chache inaweza kuongezeka inchi mbili kiunoni, na hapo mkanda haulingani tena. Mshono unachukua dakika mbili.

Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge, namba 11 kwa poplini nyepesi. Sindano butu husikika: inapiga "tak, tak" na kuacha vitundu.

Mkanda na lastiki

Kata mkanda wa urefu wa inchi 27 na upana 3. Unganisha ncha zake kwa nusu inchi, lakini acha uwazi wa inchi moja katikati ya mshono upande utakaokuwa ndani, hapo ndipo lastiki itapita. Gawa mkanda sehemu nne kwa alama, gawa tundu la sketi sehemu nne, kutanisha alama kwa pini. Kata vipasuo kwenye tundu visivyofika kwenye ule mshono wa kwanza, ili ukingo ufunguke. Shona mkanda ukiwa juu na sketi chini. Usivute. Meno ya cherehani yatakusaidia kusukuma duara.

Kunja mkanda kwa ndani, kunja nusu inchi ya ukingo wake, piga bandi (mishono mirefu ya muda kwa mkono), kisha shona. Lastiki ya robo tatu inchi ndiyo inayokaa vizuri humo. Kata inchi 21 kwa mtoto wa kiuno 22, ipitishe kwa pini yenye kifungio, panda ncha juu ya nyingine inchi moja, shona mara tatu kwenda na kurudi. Hakikisha haijajipinda ndani kabla ya kufunga. Mwisho pita mshono wa wima katikati ya mgongo, kupenya mkanda na lastiki, isije ikazunguka baada ya kufuliwa.

Upindo

Usiupinde siku ile ile. Kwenye duara kuna sehemu nne zilizo mshazari, na hizo nne hushuka zaidi ya nyingine. Ning'iniza sketi kwa mkanda wake, ibanwe kwa vibanio vingi, kuanzia jioni hadi jioni ya pili. Ukiirudia utaona imekuwa na pembe nne chini. Pima inchi 13 na nusu kutoka chini ya mkanda kuzunguka kote, weka chaki, kata kinachozidi. Wanaoruka hatua hii ndio ambao sketi zao huonekana zimekwenda upande kwenye picha za ufukweni.

Upindo wa solo uwe mwembamba. Ukingo wa nje wa sketi hii una karibu inchi 110, na kadiri unavyoukunja ndani ndivyo unavyoulazimisha kukaa kwenye mzunguko mfupi. Upindo wa inchi moja utakunjamana tu. Pita mshono mrefu robo inchi kutoka ukingoni, kunja kwa kufuata mshono huo, bonyeza kwa pasi, kunja tena robo inchi, shona. Penye ziada, vuta uzi mmoja wa mshono mrefu kidogo mpaka ziada inywee. Pasi iinuliwe na kuwekwa, isiburuzwe, maana ukiiburuza unalivuta duara upya. Mwenye pasi ya mkaa aifute majivu chini kwanza.

Mtoto akizunguka, solo inapanda. Pwani kuna upepo, kwa hiyo mvalishe taiti au kaptula nyepesi ndani. Kwa safari ya Kisiwani sketi iishie magotini, kwani ya hadi miguuni italowa mtoto anapopanda na kushuka mashuani.

Kitambaa kikiwa kidogo

Solo nusu inakula kitambaa pungufu. Chukua 26, ongeza 1 ya mshono wa nyuma, gawa kwa 3.14, utapata inchi 8 na nusu na ushee. Kata tundu kwenye 8, ukingo wa nje kwenye 22. Nusu duara hiyo inataka upana wa inchi 44 na urefu wa 22, kwa hiyo robo tatu ya yadi inatosha ikiwa kitenge chako kimebaki na inchi 44 kamili. Inazunguka kiasi, haifunguki sana. Kwa msichana mkubwa ni bora kuliko solo kamili, kwa sababu ukitaka urefu unaozidi inchi 18 hivi, upana wa kitenge hautoshi duara zima bila kuunga.

Kanga usiikate duara. Utapoteza pindo na jina, na hiyo ndiyo kanga yenyewe. Ifanyie sketi ya kuvuta marinda: kata kipande kimoja katikati kwa urefu, kila nusu ina pindo lake chini na upana wa karibu inchi 59, mara mbili na nusu ya hipsi ya mtoto wetu. Hapo umepata sketi mbili za ndugu wawili, moja yenye jina na moja isiyo nalo. Yale mapindo ya pembeni yakutane nyuma. Soma jina kabla ya kukata. Fumbo la mke mwenza halifai kutembea kwenye makalio ya mtoto wa darasa la kwanza.

Gauni

Gauni ni solo hiyo hiyo iliyowekewa bodi, yaani sehemu ya juu kutoka bega hadi kiuno. Nunua yadi moja na robo tatu. Kwa kifua cha inchi 24 ongeza 4 za kulegea, iwe 28. Robo yake ni 7, ongeza nusu ya mshono: kila kipande, kikiwa kimekunjwa katikati, kina upana wa inchi 7 na nusu, ushuke wima hadi kiunoni. Urefu ni inchi 11 na nusu: 10 za bega hadi kiuno, nusu ya mshono wa bega, na inchi nzima chini. Shingo ingie inchi 2 na nusu kutoka kwenye kunjo, ishuke 3 mbele na 1 nyuma. Bega liwe inchi 3, lishuke inchi moja kuelekea mkononi. Kwapa ishuke inchi 6.

Shingo ya kipimo hicho haipiti kichwani. Kichwa cha mtoto wa umri huu kina mzunguko wa inchi 20 au 21, na shingo yetu ina kama 14. Pasua mgongo katikati inchi 5 kutoka shingoni, uzungushie utepe wa mshazari wa inchi moja na robo, malizia kwa kifungo na kitanzi. Utepe huo huo umalizie shingo na makwapa.

Tundu la sketi ya gauni lilingane na bodi: 28 kwa 6.28 ni 4 na nusu, kata kwenye 4, na ukingo wa nje kwenye 19. Unapounganisha, ukingo wa sketi ukae nusu inchi chini ya ukingo wa bodi, kwa sababu bodi ina inchi nzima. Shona, geuza mishono yote juu, kunja ukingo wa bodi robo inchi na uushone kwenye bodi yenyewe. Umepata njia ya lastiki ya nusu inchi bila kuongeza kitambaa. Acha uwazi wa inchi 2 wa kuipitishia.

Mfuko wa kubandika usiuweke kwenye solo. Ukijaa kombe, upande huo wa sketi unashuka. Uweke kifuani, mdogo.

Baada ya kuoga bahari suuza nguo kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ile ile, ining'inize kwa mkanda, na lastiki isipigwe pasi ya moto. Kwa basi la safari ndefu, kunja duara mara nne kama lilivyokatwa, kisha lizungushe kuanzia mkandani.